Gisenyi: Ufuko Mzuri Unaotaka Macho

Watu wengi wa Afrika Mashariki wasikiapo neno ufuko, fikira zao hukimbilia Bahari ya Hindi: Bagamoyo, Malindi, Tanga au Nungwi. Ni wachache wakumbukao kwamba ndani kabisa ya bara, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, upo mji wenye mchanga, mawimbi, hoteli na waogeleaji, nao umekaa mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mji huo ni Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, kaskazini magharibi mwa Rwanda, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Wanyarwanda huuita mchanga umusenyi, na msikilizaji makini atalisikia neno hilo ndani ya jina la mji.

Msafiri atokaye Tanzania huvuka mto Kagera pale Rusumo, akafika Kigali, kisha akashika barabara ya Musanze, mji uliokuwa ukiitwa Ruhengeri. Toka Kigali hadi Gisenyi ni kilomita 160 hivi, na kwa kuwa barabara hupanda na kushuka milima, basi huchukua saa tatu hadi nne. Baada ya Musanze, volkano za Virunga husimama upande wa kulia zikiwa zimevaa mawingu, na chini yake ardhi nyeusi imejaa viazi, karoti, vitunguu na pareto. Hatimaye barabara huteremka, na ziwa hujitokeza ghafla, pana na buluu, likiwa na milima ya Kongo ng'ambo yake.

Mandhari hiyo hutuliza moyo. Hata hivyo wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyuma ya Gisenyi ipo volkano iliyo hai. Kando yake upo mpaka uliopitiwa na vita na wakimbizi. Na chini ya maji yake imelala gesi nyingi mno. Hayo hayaondoi uzuri wa mahali hapo, wala hayapasi kumfukuza mgeni. Yamtakacho mgeni ni kujua anakokanyaga. Kwa hiyo yafaa fuo na ghuba za mji huu zifuatwe moja baada ya nyingine, tangu mpakani hadi Rubona, na kila moja iulizwe ina somo gani kwa familia inayosafiri.

UFUKO WA MJINI

Ufuko mkuu wa Gisenyi umenyooka mbele ya mji, ukifuatwa na barabara yenye kivuli cha miti ya jamii ya mitende. Ng'ambo ya barabara hiyo zipo hoteli na majumba ya zamani yenye bustani pana, mengine yakiwa yamesalia tangu enzi za ukoloni. Wajerumani ndio waliotangulia kuweka kituo hapa, wakikitazama kituo cha Wabelgiji upande wa pili. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi hayo mawili yalipambana katika eneo la ziwa hili, na mwaka 1916 Wabelgiji wakawaondoa Wajerumani katika Rwanda.

Siku hizi askari wa kikoloni hawapo, na mchanga ni wa wananchi. Jumamosi na Jumapili watu huja toka Kigali na Musanze. Vijana hucheza kandanda, wapiga picha hutembea wakitafuta wateja, maharusi husimama kandokando ya maji na mavazi yao meupe, na watoto huchimba mchanga kana kwamba wapo Oyster Bay. Maji yana joto la nyuzi 23 hadi 24 hivi, nayo hayana chumvi.

Jambo moja huwashangaza sana wageni watokao Mwanza, Kigoma au Bujumbura: katika Ziwa Kivu hakuna mamba wala kiboko. Mzazi aliyezoea kumvuta mtoto nyuma kila aonapo matete yakitikisika, hapa hupumua.

Lakini asilale. Ziwa hili limo katika Bonde la Ufa, na kina chake kikubwa hufikia mita 480 hivi. Mahali pengi ukingo haushuki polepole kama pwani ya Dar es Salaam wakati wa maji kupwa, bali huteremka kama paa la nyumba. Mtoto aliyesimama maji yakiwa kiunoni aweza kupiga hatua chache na kukosa pa kukanyaga. Sheria ya nyumbani ni rahisi: mtu mzima asimame upande wa kilindi, watoto wacheze kati yake na nchi kavu, na wasioogelea wavae maboya, hasa wapandapo mashua. Askari aliyewahi kulinda lindo aelewa vyema kwamba mlinzi halali kwa sababu tu usiku uliopita haukuwa na adui.

MPAKANI NA GOMA

Mtu akiufuata ufuko kuelekea magharibi, hauishi kwa mwamba wala kwa mto. Huishia mpakani. Ng'ambo ni Goma, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nao umeshikana na Gisenyi hata mgeni hushindwa kusema upi umekoma wapi. Nyakati za utulivu makumi ya maelfu ya watu huvuka kila siku, wengi wao akina mama wenye vikapu vya mboga, nyanya, maziwa na samaki. Kiswahili ndicho kiunganishi chao sokoni, tangu zamani kabla Bunge la Rwanda halijakifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi, mwaka 2017.

Juu ya miji hiyo miwili umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470. Katika miaka ambayo moto umejaa ndani ya kinywa chake, wekundu wake huonekana usiku toka ufukoni Gisenyi, kama jiko la mkaa lililosahauliwa juu ya kilima. Mlima huo ulilipuka Januari 1977. Ulilipuka tena tarehe 17 Januari 2002, na lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikapita katikati ya Goma mpaka ikaingia ziwani. Laki kadhaa za watu zilikimbia, wengi wao wakielekea Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka mara nyingine. Safari hiyo lava ilikoma karibu na uwanja wa ndege wa Goma, lakini watu wapatao 30 walipoteza maisha, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta za nyumba na barabara hata upande wa Rubavu. Maelfu walivuka mpaka usiku ule ule wakiwa na magodoro vichwani na watoto mgongoni.

Mpaka huo umeona pia mkondo wa watu ukienda upande wa pili. Katikati ya Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wanaokadiriwa kukaribia milioni moja walipita Gisenyi kwa siku chache wakaingia Goma, na huko kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Ndani ya Gisenyi kwenyewe ipo kumbukumbu ya waliouawa mwaka huo, mahali paitwapo Commune Rouge. Mgeni ajaye kustarehe hatapungukiwa kitu akitenga nusu saa kwenda kuinamisha kichwa hapo. Wazazi wenye watoto wakubwa wataona kwamba ni darasa lisilopatikana ufukoni.

Wala mambo ya mpakani si ya kale tu. Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipouteka Goma, risasi na makombora yalivuka mpaka na kuua watu upande wa Rubavu, na wakazi wengi wa kandokando ya mpaka wakahama kwa muda. Kwa sababu hiyo msafiri mwenye busara huuliza hali ya usalama kabla ya kufunga mizigo, huchukua hati zake zote, na hapigi picha za vituo vya mpaka wala za askari walio kazini. Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa kwa nini.

MTO SEBEYA NA GHADHABU YAKE

Mtu akiugeuzia mpaka mgongo na kuelekea kusini, hukutana na mto Sebeya ukiingia ziwani. Mto huu hutoka nyanda za juu za Gishwati, ukapita Nyundo na Rugerero, na maporomoko yake hutumika kufua umeme. Siku za kiangazi ni mto mpole. Watu huvuka madaraja yake bila hata kuutazama.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika milima ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Sebeya ulifurika ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Katika maeneo yote yaliyokumbwa na mafuriko na maporomoko ya udongo, watu zaidi ya 130 walikufa, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi.

Chanzo hakikuwa mvua peke yake. Msitu wa Gishwati, uliokuwa ukifunika vilima hivyo na kunyonya maji kama sifongo, ulikatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi, na baada ya vita ya 1994 waliorejea toka ukimbizini wakaupunguza zaidi, hata kikabaki kipande kidogo. Kilima kisicho na mti hakina subira. Mvua ikinyesha, hushusha kila kitu bondeni kwa mara moja. Mwaka 2015 kipande kilichosalia kiliunganishwa na Msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na kazi ya kurudisha miti vilimani ikaendelea. Kwa hiyo mtu anayeogelea Gisenyi katika maji safi apaswa kuwashukuru pia wale wapandao miti mbali na ziwa, mahali asipowaona. Na familia itakayosafiri katika masika, yaani Machi hadi Mei, isichague malazi yaliyo chini kabisa kando ya mto.

RUBONA: WAVUVI NA SAMBAZA

Kilomita sita au saba kusini ya mji, barabara ikipinda pamoja na ukingo wa ziwa, ipo Rubona. Hapa ardhi imechomoza majini na kufanya ghuba tulivu ambamo bandari ndogo imejificha. Mashua za abiria na mizigo hutia nanga, na mdiria hukaa juu ya nguzo wakivizia samaki.

Jua likishuka, wavuvi huondoka. Vyombo vyao huonekana kwa mbali kama mdudu mwenye miguu mirefu: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu ikichomoza mbele na nyuma kushikilia wavu. Hupiga makasia kwa wimbo, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, ili mikono yote iende pamoja. Gizani huwasha taa, nazo taa hizo hutapakaa ziwani hata mtu akadhani mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Wanachokivua zaidi ni sambaza, samaki wadogo wa rangi ya fedha. Watu wa Kigoma wakiwaona watasema, "Mbona hawa ni dagaa wetu!" Nao hawatakuwa wamekosea. Sambaza ni jamii moja ya dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliochukuliwa huko na kupandikizwa Kivu mnamo mwaka 1959, kwa kuwa katika kilindi cha wazi cha Kivu hapakuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Leo wao ndio tegemeo la wavuvi na kitoweo cha jamaa nyingi pande zote mbili za mpaka. Ili wasije wakaisha, kila mwaka serikali husimamisha uvuvi wao kwa kipindi cha miezi miwili hivi wapate kuzaana, na askari wa majini wa Jeshi la Rwanda hushika doria dhidi ya wanaovunja amri hiyo.

Namna ya kuwapika ni nyepesi, na akina mama waweza kuijaribu nyumbani kwa dagaa wabichi. Sambaza huoshwa, wakakaushwa kwa kitambaa safi, wakatiwa chumvi na kupakwa unga kidogo wa ngano. Mafuta yapate moto sawasawa. Wakaangwe wachache wachache mpaka wawe kahawia na kukauka. Huliwa wazima, kichwa hata mkia, pamoja na limau na tone moja la akabanga, yaani pilipili ya mafuta ya Kinyarwanda. Tone moja latosha; la pili ni la mashujaa.

Kusini kidogo ya hapo, Nyamyumba, zipo chemchemi za maji moto yachemkayo toka ardhini karibu kabisa na ziwa. Wenyeji hukaa ndani ya vidimbwi mahali maji moto yanapochanganyika na ya baridi, wakiamini kwamba huondoa maumivu ya viungo. Mapumziko hayo ni mazuri, ila mtoto asiachwe peke yake karibu na macho ya chemchemi, kwani maji hapo huunguza. Na aliye mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili ya dimbwi.

GESI ILIYO CHINI YA MAJI

Moto uzichemshao chemchemi hizo ndio unaoleta jambo kubwa kuliko yote katika Ziwa Kivu. Katika tabaka za chini, hasa chini ya mita 260, maji yamebeba gesi iliyoyeyuka: kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi, na kilomita za ujazo 60 za methani, ambayo huwaka. Hukaa humo kama gesi ikaavyo ndani ya chupa ya soda kabla haijafunguliwa. Uzito wa maji ya juu ndio kizibo chake. Mtu aogeleaye juu haidhuriwi nayo, kwani tabaka hizo hazichanganyiki kwa upepo wala kwa mawimbi ya kawaida.

Hatari ingekuja kama kizibo hicho kingevurugwa. Tarehe 21 Agosti 1986, katika Ziwa Nyos nchini Cameroon, gesi ya namna hiyo ilifoka ghafla usiku, ikatambaa mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Nyos ni dogo sana likilinganishwa na Kivu. Ndiyo sababu lava ilipoingia Kivu mwaka 2002, wataalamu walishika roho. Lava ile haikufika kwenye tabaka zenye gesi nyingi, na ziwa likabaki limetulia.

Badala ya kuogopa tu, binadamu ameamua kuitumia gesi hiyo. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo hapo Rubona ulivuta methani na kuipeleka katika kiwanda cha bia cha Bralirwa kuchemshia maji. Baadaye, huko Karongi kusini ya Rubavu, ukajengwa mtambo wa KivuWatt wenye uwezo wa megawati 26, uliozinduliwa mwaka 2016. Na mwingine ukajengwa Nyamyumba katika Rubavu yenyewe. Bomba hushushwa kilindini. Maji yakianza kupanda, gesi hujitenga na kuwa mapovu, na mapovu hayo huyavuta maji yaendelee kupanda yenyewe. Methani husafishwa na kuchomwa kufua umeme, na maji yaliyobaki hurudishwa chini kwa kina kilichopimwa, ili tabaka zisivurugike. Hivyo kitu kile kile kiwezacho kuangamiza kijiji kikiachwa bila kuangaliwa, kikisimamiwa vizuri huwasha taa ya mwanafunzi.

Lipo jambo moja dogo la kukumbuka. Watu wa pwani hiyo ya kaskazini, hasa upande wa Goma, wana neno mazuku, wakimaanisha hewa mbaya ikaayo mashimoni na mabondeni. Ni kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu. Mtu mzima aliyesimama huenda asidhurike, huku mtoto au mbuzi aliye karibu naye akianguka. Kwa hiyo watoto wasiruhusiwe kuingia katika mashimo na mapango ya mawe ya volkano, na mahali wenyeji wanapopaepuka, mgeni asiwe hodari kuliko wao.

KABLA YA KUFUNGA MIZIGO

Miezi mizuri ya safari ni Juni hadi Agosti, mvua inapokuwa chache. Sweta zisisahauliwe, kwa kuwa usiku katika mwinuko huo huwa na baridi, na jua la mchana huchoma hata kama upepo ni wa baridi. Wapendao kutembea waweza kuianza hapa njia ya Congo Nile, inayofuata ziwa kwa kilomita 227 mpaka Rusizi. Wenye watoto wadogo watatosheka na kipande cha Gisenyi hadi Rubona. Katika kupanda mashua, kwanza iulizwe idadi ya maboya, ndipo iulizwe bei. Nambari za simu za polisi na za mwenye malazi ziandikwe kwenye karatasi, na kila mtoto aifahamu njia ya kupandia kilimani toka ufukoni.

Huko Rusizi, mwisho wa njia hiyo, maji ya Kivu hutoka ziwani kwa mto uitwao pia Rusizi, yakateremka hadi Ziwa Tanganyika. Hivyo askari wa Kigoma anayenawa uso alfajiri pengine ananawa maji yaliyowahi kupiga mchanga wa Gisenyi. Watu wa Gisenyi wanaishi kati ya mlima, mpaka, mto na gesi, na bado kila jioni huwaleta watoto wao ufukoni. Hawafanyi hivyo kwa kutojua. Wameyajua mazingira yao, wamejifunza kuyalinda na kuyaangalia, kisha wakakaa kustarehe. Mgeni atakayefuata mwendo huo atarudi nyumbani na watoto wake wote, na habari njema za kusimulia.